Maswali ya wasomaji: Asali ya miombo, kutoka mzingani hadi kwenye mizani

SWALI: Nanunua asali kwa warina wa Sikonge, Tabora, naifungasha hapa Morogoro. Msimu uliopita baadhi ya ndoo ziliumuka mpaka mifuniko ikafura, nyingine zinanuka moshi. Je, niwarudishie?
Mfungashaji, Morogoro

JIBU: Pima kwanza unyevu. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Kodeksi, kinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi hapo, hamira ya asili iliyomo ndani ya asali hupata nguvu na kuichachusha. Nunua refraktomita ya asali, kifaa kinachosoma unyevu kwa tone moja. Wengi hudanganyika na ile ya bei rahisi ya juisi, ambayo kipimo chake cha sukari huishia Brix 32, wakati asali iko karibu na 80, kwa hiyo haisomi kitu. Koroga ndoo hadi chini kabla ya kuchota tone, kwa kuwa asali yenye maji mengi huelea juu. Iliyoganda iyeyushe kwanza ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40.

Unyevu mara nyingi hutokana na kurina mapema. Nyuki huziba vitundu kwa nta pale asali inapoiva, basi sega livunwe likiwa limezibwa angalau robo tatu. Warina wazoefu wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Wanawahi kwa sababu mnunuzi ametokea na fedha mkononi leo na kesho hayupo, au wanaogopa mzinga kuibiwa. Ukitangaza mapema tarehe mbili za kununua na ukazitimiza zote, nusu ya tatizo imekwisha. Sababu nyingine ni masega yenye majana (watoto wa nyuki) na chavua kukamuliwa pamoja na asali, na vyombo vilivyooshwa vikafunikwa kabla ya kukauka. Peleka wewe ndoo safi za chakula zenye mifuniko inayobana, kabla ya msimu.

Moshi ni mwenge wa nyasi uliosogezwa mzingani. Nta hunyonya harufu, na hakuna kuchuja kutakakoiondoa. Mwenge huo huo hudondosha makaa ukawasha msitu. Bomba la kufukizia nyuki moshi, lenye kinyesi kikavu cha ng'ombe, mapulizo mawili matatu mlangoni, kisha kusubiri kidogo, linatosha.

Iliyokwisha kuchacha usiichemshe ukaiuza kama nzima. Wapika wanzuki, pombe ya asali, wataichukua.

SWALI: Wateja wangu wanasema mizinga ya magome inaua miti. Niache kununua asali yake?
Mwenye duka, Dar es Salaam

JIBU: Wateja wanasema kweli. Mti ukichunwa gome kuuzunguka wote hufa, na miti inayopendwa kwa mizinga, mtundu na muba, ndiyo hiyo hiyo inayowapa nyuki maua. Lakini ukisusa ghafla, mrina atageukia mkaa, na mkaa hauhitaji msitu ubaki umesimama. Afadhali mkubaliane kwamba mzinga wa gome ukichakaa nafasi yake ichukuliwe na wa mbao au wa gogo lililoanguka lenyewe. Gharama ya mbao itangulize wewe, uikate kidogo kidogo kwa misimu miwili.

Ukiagiza mizinga ya vijiti vya juu, ambayo nyuki huning'iniza sega chini ya kila kijiti, mwambie fundi kila kijiti kiwe na upana wa milimita 32. Vipimo vinavyonakiliwa kutoka Ulaya ni vipana zaidi. Nyuki wetu ni wadogo, watajenga masega yaliyopindana kutoka kijiti hadi kijiti, na kila ukivuta kimoja unararua mengine. Mizinga mingi ya misaada imeishia kuwa mabanda ya kuku kwa kosa dogo kama hilo. Wakati wa kurina masega ya majana yabaki, pamoja na asali ya kuwavusha nyuki hadi maua yajayo.

SWALI: Bei kwa ndoo ni sawa?
Katibu wa kikundi cha warina

JIBU: Si sawa. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 28. Anayekulipa kwa hesabu ya kilo 20 amekula kilo nane zenu. Uzeni kwa mizani, mkiondoa uzito wa ndoo tupu, na unyevu upimwe mbele ya mwenye asali. Kila ndoo iandikwe kijiji, jina au namba ya mrina, tarehe, uzito na unyevu. Hapo iliyochacha itajulikana ni ya nani, na aliyesubiri sega liive alipwe zaidi. Ndoo zisichanganywe kabla ya kupimwa.

Machicha ya masega yaliyokamuliwa nayo msitupe, yana nta. Yachemsheni na maji kwenye sufuria ya alumini, si ya chuma, ambayo huifanya nta kuwa nyeusi. Kamueni kupitia gunia, acheni ipoe polepole usiku kucha, kisha kwangueni uchafu ulioshika chini ya bonge.