Moyo unanienda mbio kwenye daladala, vipimo vyote viko sawa

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala nauza vitenge Kariakoo. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimesimama kwenye daladala imejaa, ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitoka, vidole na midomo vikafa ganzi, nikajua leo nakufa, konda akanishusha njiani. Hospitali nimepimwa presha, sukari, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wakasema sina kitu, lakini imenirudia tena na tena. Siku hizi daladala sipandi kabisa, sokoni siendi mpaka nisindikizwe. Mama mkwe anasema majini, jirani kanigawia vidonge vyake vya kutuliza, diazepam. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hujachanganyikiwa wala hujajitungia ugonjwa. Hiyo inaitwa paniki ataki, mwili unapiga kelele ya hatari wakati hatari yenyewe haipo, adrenalini inamwagika, unahema haraka haraka, na ukihema hivyo unatoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi ndo maana vidole na midomo vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Kwa wengi inafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi halafu inashuka yenyewe.

Ungebaki ndani ya gari ingeshuka vilevile, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Uliposhuka ukapata nafuu, ubongo ukashika kwamba kilichokuokoa ni kushuka, kwa hiyo kila unapokwepa hofu inazidi kuota mizizi. Ikiachwa bila tiba inaanza daladala, inakuja soko, foleni ya benki, ibada, mwisho mtu hatoki nje na biashara inakufa, wengine wanaingia kwenye sonona au pombe. Kwako hofu imeshafika hatua ya soko, usisubiri.

Dua endelea nazo, hazigombani na matibabu. Ila hizo diazepam za jirani hapana, zinatuliza haraka lakini mwili unazizoea, na ukishazizoea kuziacha ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Nenda hospitali ya karibu uombe rufaa ya afya ya akili, Muhimbili idara hiyo ipo. Waambie wakupime na tezi ya shingo na kama damu imepungua, maana matatizo hayo nayo yanaweza kukimbiza moyo. Kuna tiba ya mazungumzo ya CBT, inafundisha kuizoea hofu kidogo kidogo, na kuna dawa kama fluoxetine au sertraline, zinamezwa kila siku na zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usikate tamaa wiki ya kwanza.

Wakati unasubiri, chagua saa ambayo gari halijajaa, panda na mtu wa kukusindikiza kituo kimoja au viwili, hofu ikija usishuke, toa pumzi taratibu ndefu kuliko unavyoivuta mpaka ipite. Lakini maumivu ya kifua yakija ukiwa unapanda ngazi au umebeba mzigo, yakasambaa mkononi au tayani, au ukazimia, hayo usiyaite hofu, wahi hospitali muda huohuo.