Ni sampo au melodi iliyoigwa?

Ndugu, nimekuelewa: wimbo mpya unakukumbusha wa zamani, na hujui kama ni sampo (kipande cha rekodi ya zamani kilichokatwa na kuwekwa kwenye wimbo mpya) au wameiga melodi tu. Vaa hedifoni, usikilize sehemu ileile kwenye nyimbo zote mbili. Sampo huja na sauti ya rekodi yenyewe, hata pumzi ya mwimbaji, ingawa kasi inaweza kubadilishwa. Kwa mfano, Michael Jackson aliimba upya kibwagizo kilichotokana na "Soul Makossa" (1972) ya Manu Dibango wa Kameruni; Rihanna, mwaka 2007, akasampo rekodi ya Jackson. Dibango aliwashtaki wote wawili. Biti kufanana tu haitoshi kuthibitisha kwamba wimbo umeigwa. Kama wimbo ulioigwa ni wako, usianze kumtuhumu mtu hadharani: tunza faili za studio zenye tarehe, umwone mwanasheria wa hakimiliki.