Dalili au ishara? Jani la kahawa linapovamiwa na kutu

Swali: Natayarisha kijitabu cha wakulima wa kahawa kuhusu kutu ya majani, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Nimeandika: "Kuvu likivamia jani, seli hutoa dalili za kikemikali ili kuamsha kinga ya mmea." Mwenzangu amefuta "dalili" akaweka "ishara". Nani yuko sahihi?

Jibu: Katika sentensi hiyo, mwenzako. Ila neno dalili usilitupe, utalihitaji sana.

Ishara ina mwenyewe. Mama akikutolea macho mbele ya wageni, amekuashiria unyamaze, na alikusudia uelewe. Dalili haina mtumaji. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayakutumwa kutuarifu. Homa ni dalili ya malaria, na sijapata kumsikia mganga akisema "ishara za malaria". Najua siku hizi watu husema mawingu "yanaashiria" mvua, na katika mazungumzo sikatazi. Katika kijitabu chako, lakini, kuchanganya maneno haya kutampoteza msomaji.

Tazama kinachotokea kwenye jani. Kuta za seli za kuvu zimejengwa kwa kitini, kemikali ngumu ambayo mmea wenyewe hauna. Kuvu likianza kupenya, vimeng'enya vya mmea huzimega kuta hizo, na vipande vya kitini hunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli. Kuvu halikuvituma vipande hivyo. Vimeponyoka tu na kulifichua. Basi hivyo ni dalili ya mvamizi. Hapo seli nayo huanza kupasha habari: ayoni za kalsiamu humiminika ndani yake, kisha asidi ya salisili, ndugu wa karibu wa aspirini, huongezeka na kuamsha kinga. Seli haina nia kama binadamu, sawa, lakini kemikali hizo zina kazi ya kupeleka habari na zina wa kuzipokea. Hizo ndizo ishara.

Unga wa rangi ya machungwa unaoonekana chini ya jani ni dalili ya ugonjwa, hilo halina ubishi. Penye utata ni vidoa vidogo vinavyoweza kutokea kwenye kahawa inayostahimili kutu. Pale seli zilizoguswa na kuvu hujiua zenyewe, na kwa kuwa kuvu la kutu huishi kwa kunyonya seli hai, hukosa chakula na kukwama. Mkulima akisoma "dalili" peke yake atadhani mti wake unaumwa, pengine aung'oe, kumbe ndio uliokuwa ukishinda. Mwandikie waziwazi "dalili ya kinga".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Seli ikigundua dalili za kuvu, hutoa ishara za kikemikali zinazoamsha kinga ya mmea."