Kava, na mkono usio na mwenyewe

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Kava la albamu lina kazi gani tena, siku hizi muziki unaposikilizwa kwenye simu?", nimelisoma nikiwa kwenye steshenari yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, mteja akisubiri kadi za harusi. Nikamwacha asubiri. Makava yamenilisha tangu 1999, yamenisomeshea watoto wawili, halafu mnauliza yana kazi gani.

Mlipaswa kuuliza nani anayetufundisha kuyatengeneza, maana huku hakuna aliyetoka chuoni na cheti cha makava. Mwalimu wangu wa kwanza ni mjomba, aliyekuwa akiandika vibao Iringa mjini, pale Miyomboni: saluni, bucha, "Leo fedha kesho mkopo". Sheria yake ilikuwa moja tu, kwamba herufi isomwe na mtu aliye ndani ya basi linalotembea. Wa pili ni khanga za mama. Khanga ina pindo, ina mji katikati, ina jina. Pindo linayazuia macho yasitoroke, mji unabeba picha, jina linakaa chini kwa maneno machache na kumaliza ugomvi. Makava yangu ya kwanza yote yalikuwa khanga zilizofinywa zikaingia kwenye uso wa kaseti, sentimita 10 kwa 6 na nusu. Mwenye kaseti za kwaya za miaka ile aziangalie, pindo ataliona.

Wa tatu ni mzee mmoja wa Gangilonga aliyewahi kusoma ng'ambo, akarudi na santuri. Nyingi za Wakongo, lakini zilikuwepo chache za jazz za kampuni ya Blue Note ya New York. Kava la santuri ni kubwa, sentimita 30 na ushei kila upande, unalishika kwa mikono miwili kama sinia. Yale ya Blue Note yalikuwa na majina makubwa kama bati la duka, na picha ya mpigaji imekatwa katikati ya paji la uso. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua mbunifu alikuwa Reid Miles, na kwamba Francis Wolff, aliyepiga picha nyingi kati ya hizo, hakufurahia kuona vichwa vya watu wake vinakatwa. Nikacheka peke yangu. Wolff angekuwa mwenyekiti mzuri sana wa kwaya.

Kwa sababu huku kwetu Reid Miles angekufa njaa. Kwaya ya watu 30 imechanga pesa, kila mmoja anataka uso wake. Aliyenifaa zaidi ni Lemi Ghariokwu wa Lagos, mchoraji wa makava 26 ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, kuanzia albamu ya Alagbon Close ya 1974. Yule haogopi umati. Anajaza watu hadi pembeni, na kila mtu ana shughuli yake. Nilipoyaona mara ya kwanza kwenye intaneti nilijisemea, huyu angeelewana na usharika wowote wa Rungwe.

Na hapo ndipo nifike kwenye kaseti ya 2003.

Kwaya ilitoka upande wa Tukuyu, jina naliacha. Waliniletea picha ya studio ya watu 28, sare za kijani, wamebanana mistari mitatu. Nyuma walitaka maporomoko ya maji. Nikawaambia tuweke Kaporogwe, ni yenu. Wakasema Kaporogwe ni madogo, wakanipa ya kwenye kalenda, ya nchi gani sijui. Sawa. Nimeshamaliza, mwenyekiti akarudi peke yake, akaweka kidole juu ya kijana wa mstari wa kati.

"Fundi, huyu mtoe."

"Amefanya nini, mzee?"

"Amehamia kanisa lingine. Amehama na kinanda."

Kumtoa mtu kwenye Photoshop kwa kompyuta ya wakati ule haikuwa mchezo. Kile kidude cha muhuri unachukua kipande cha kijani hapa, unagonga pale, unachukua cha maji, unagonga. Umeme ulikatika mara mbili. Saa nane usiku kijana alikuwa amepotea, nyuma yake maji yanatiririka vizuri kabisa, nami nikajiona bingwa. Kazi ikaenda Dar kuchapwa, kopi 1,000.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi ananyanyua kaseti juu, watu wanapiga vigelegele, na mtoto mmoja wa Sunday school aliyekaa mbele anauliza kwa sauti: "Huu mkono wa nani?"

Nilikuwa nimemtoa kijana, nikausahau mkono wake. Ulikuwa juu ya bega la mama mmoja wa sauti ya pili, vidole vinne vimetulia, saa ya fedha kwenye kifundo. Mumewe yumo humo humo kwenye picha, sauti ya nne, mstari wa nyuma, na mikono yake yote miwili imeshika kitabu cha nyimbo.

Mume huyo alikuja ofisini kwangu Jumatatu. Hakufoka. Aliweka kaseti mezani akasema, "Fundi, nisaidie kuhesabu." Nikatoa picha ya awali, nikamwonyesha kuwa mpiga picha aliwaambia wote wasogee washikane mabega, na kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake. Aliiangalia muda mrefu, kijana na yule mama na saa. Akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, akaomba aondoke nayo. Nikampa. Mpaka leo haijarudi.

Kuchapa upya hakukuwezekana, pesa zilikuwa zimeisha. Mwenyekiti akamwamuru mweka hazina aufute mkono kaseti moja moja kwa wino mweupe ule wa kufutia makosa. Ikabaki doa jeupe begani kwa mama wa watu. Baadhi ya wanunuzi walidhani ni njiwa, tena nilisikia mmoja akiusifia ubunifu huo.

Mhariri, nilianza nikitaka kuwaambia kava halijafa. Sasa nikijisoma naona ninayemtetea ni karatasi. Maduka ya muziki ya intaneti yanataka picha ya mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000, natoka jasho nayo wiki nzima, halafu msikilizaji anaiona ikiwa na ukubwa wa ukucha. Mkono ule kwenye simu usingeonwa na mtoto yeyote. Na mwanangu wa pili, niliyemsomesha kwa makava, nilimuuliza jana wimbo anaosikiliza una kava la rangi gani. Hakujua, na simu ilikuwa mkononi mwake.

Basi andikeni kwamba halina kazi tena. Msiandike kwa herufi kubwa, maana kuna wateja wangu wanaosoma gazeti lenu. Na kwa kwaya sina uhakika hata kidogo. Jumamosi iliyopita ilikuja moja kutoka Makambako, watu 41, wanataka picha ya kuweka YouTube, nyuso zote zionekane, maporomoko nyuma. Niliwaeleza kwamba kwenye simu kila uso utakuwa punje ya ulezi. Mwenyekiti akasema, "Wewe ziweke tu, wenyewe tutajijua."

Nikaziweka. Vichwa 41. Mikono iliyoonekana ilikuwa 19, nikaufuata mmoja mmoja mpaka kwa mwenyewe, ndipo nikawatumia.