Maswali na Majibu ya Kamera: Lenzi Moja ya Darasa, Harusi na Mbuga

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Donholm, Nairobi. Nina kamera ya Canon EOS 700D pamoja na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Hupiga picha za wanafunzi wakati wa tamasha za muziki na siku ya michezo, picha za familia nyumbani, za harusi za jamaa kanisani, na mara mojamoja tunapowapeleka watoto kutembelea Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Lenzi niliyo nayo haifiki mbali. Muuzaji mmoja wa katikati ya jiji amenishauri ninunue ya 18-400, akisema sitahitaji nyingine tena, naye rafiki yangu yuko tayari kuniuzia 24-105 aliyoitumia kwa miaka kadhaa. Ningependa lenzi moja isiyotoka kwenye kamera, kwa kuwa naogopa vumbi. Nichukue ipi?
Mwalimu, Donholm

JIBU: Mwalimu, kabla sijakutajia lenzi yoyote, nakuomba uketi mbele ya kompyuta, ufungue picha ulizopiga mwaka uliopita, na utazame maelezo ya kila faili, ambamo kamera huandika urefu wa fokasi uliotumika, yaani zile namba za lenzi kama 18 au 55, zinazohesabiwa kwa milimita: ndogo huona kwa upana, kubwa huvuta mbali. Ukikuta nyingi zimepigwa kwenye 55, basi kweli unakosa uwezo wa kuvuta mbali. Ukikuta nyingi zimepigwa kwenye 18, shida yako ni nafasi ya kurudi nyuma, na hakuna lenzi ndefu itakayokuondolea shida hiyo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wanunuzi wengi huchagua lenzi huku wakimfikiria simba, ilhali picha zao karibu zote ni za watu walioketi sebuleni au waliosimama jukwaani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kihisi cha 700D, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kina upana wa milimita 22.3. Ukigawanya 22.3 kwa urefu wa fokasi, kisha ukazidisha jawabu kwa umbali uliopo kati yako na unayempiga picha, utapata kwa makadirio upana wa eneo litakaloingia katika fremu. Tuanze na sebule, ambamo aghalabu huwezi kurudi nyuma zaidi ya mita 3 kabla ya mgongo kugusa ukuta. Kwa milimita 18 utapata upana wa mita 3.7, na kwa milimita 24 utapata mita 2.8. Tofauti hiyo ya karibu mita moja inatosha watu wawili, na hao ndio watakaobaki nje ya picha ya familia ukiichukua ile 24-105. Lenzi ya rafiki yako ni nzuri, tena imetumiwa na wapiga picha wengi wa kulipwa, lakini ilitengenezewa kamera zenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ambako 24 huonyesha eneo pana kweli. Kwenye kamera yako itaona kama 38 inavyoona kwenye kamera hizo, na hapo upana unaouhitaji ndani ya nyumba na darasani unapotea. Mshukuru, lakini usiinunue, isipokuwa uwe tayari kubaki na ile 18-55 mfukoni, jambo ambalo ndilo hasa unalolikimbia.

Sasa tazama ukumbi wa tamasha. Ukiketi mita 10 kutoka jukwaani, 55 inakupa upana wa mita 4, unaotosha safu ya waimbaji lakini unaomwacha mkariri wa shairi akiwa mdogo katikati ya sakafu tupu. Kwa milimita 135 upana huo unashuka hadi mita 1.65, na ukiisimamisha kamera wima, mtoto ataijaza fremu kutoka utosini hadi nyayoni. Hapo ndipo picha ya tamasha hupata uhai, na utaona kwamba hujahitaji 200 wala 400 kuifikia.

Mbugani mambo hubadilika, nami sitakuficha. Simba akilala mita 30 kutoka dirisha la basi la shule, 135 itakuonyesha eneo la mita 5, 200 itakuonyesha mita 3.3, na 400 itakuonyesha mita 1.7 tu, kiasi cha kuujaza uso na mabega yake. Kwa wanyama, basi, muuzaji wako hakusema uongo. Swali ni gharama ya uwezo huo katika siku zote nyingine za mwaka ambazo hutakuwa mbugani.

Gharama ya kwanza ni mwanga, na ndiyo ninayotaka uipime kwa makini kuliko bei. Namba inayoandikwa kwa herufi f hueleza ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Lenzi ya 18-400 hufikia f/6.3 ikivutwa hadi mwisho, ile ya 18-135 huishia f/5.6, na zipo lenzi fupi zinazobaki kwenye f/2.8 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kutoka f/2.8 hadi f/5.6 mwanga hupungua mara nne. Maana yake kwa mwalimu aliye katika ukumbi wenye taa hafifu ni hii: picha ambayo f/2.8 ingeipata kwa ISO 1600 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kwa kasi ileile ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, f/5.6 itaidai ISO 6400, na katika kamera ya rika la 700D, iliyotoka mwaka 2013, kiwango hicho huleta chengachenga zinazoonekana wazi kwenye ngozi na kwenye sare za rangi iliyokoza. Usidanganyike kwamba mfumo wa kutuliza mtikisiko utalitatua hilo. Mfumo huo hutuliza mkono wako. Haumtulizi mtoto anayecheza ngoma.

Gharama ya pili ni uzito. Ile 18-400 ya Tamron ina takriban gramu 710, wakati kamera yako pamoja na betri na kadi ina gramu 580. Kwa saa mbili za sherehe shingo itahisi tofauti. Gharama ya tatu ni ubora wa picha yenyewe, kwa sababu lenzi inayotakiwa kuona kwa upana sana na pia mbali sana hulazimika kuridhiana na mambo mengi: mistari ya kuta na milango hupinda kwenye 18, pembe za picha hukosa ukali, na kwenye mwisho wa mvuto ukali wote hulegea kidogo. Lenzi za namna hii zimeboreka sana tangu Tamron ilipotoa 28-200 yake mwaka 1992, nami siwadharau wanaozitumia, hasa wasafiri. Hata hivyo jua kwamba nyingi kati yake, zikilenga kitu kilicho karibu, mvuto wake halisi hupungua na kuwa chini ya namba iliyoandikwa, hivyo mtu aliyesimama mita 2 mbele yako hatasogezwa karibu kama ulivyotarajia.

Kwa matumizi uliyoyataja, ushauri wangu ni Canon EF-S 18-135. Angalia herufi zinazofuata namba, kwa kuwa sokoni zimo tatu zinazofanana kwa sura. Ya kwanza, iliyotoka mwaka 2009, imeandikwa IS peke yake, na injini yake ya kulenga, yaani ya kuipa picha ukali, ina kelele. Sikushauri uichukue ila kama bei ni ya chini mno. Ya mwaka 2012 imeandikwa IS STM, hulenga kimya, inafaa pia kwa video, na uzito wake ni gramu 480. Ya mwaka 2016 imeandikwa IS USM, nayo hulenga kwa haraka zaidi, jambo utakalolifurahia siku ya michezo wanafunzi wanapokimbia kukuelekea. Kati ya hizo mbili za mwisho yoyote itakufaa. Vichujio vya 18-55 yako, vile vioo vinavyofungwa mbele ya lenzi, havitaingia, kwa sababu mdomo wa 18-135 ni wa milimita 67, na kofia ya kuzuia jua huuzwa kando. Inunue hiyo kofia hata kama muuzaji atasema ni pambo: jua la Nairobi la saa sita mchana likigusa kioo cha mbele kwa ubavu, picha nzima hupauka.

Linabaki kanisa. Baadhi ya makanisa hayapendi flashi wakati wa viapo, na 18-135 peke yake itahangaika humo. Kwa kuwa 18-135 huuzwa kwa bei ya wastani, naona ni afadhali utenge akiba kidogo ununue baadaye Canon EF 50 ya f/1.8 STM, yenye gramu 160 tu, inayokaa mfukoni na kuingiza mwanga takriban mara kumi ya ule wa f/5.6. Najua umesema unataka lenzi moja. Nasi tunazungumzia lenzi moja kwa karibu siku zako zote, na hii ndogo kwa saa chache za ndani ya kanisa. Endapo harusi zitageuka kuwa kazi ya kukuingizia kipato, rudi tuzungumzie 17-55 ya f/2.8, ingawa hiyo itakunyima masafa ya tamasha.

Kuhusu vumbi, hofu yako ina msingi, lakini lenzi inayorefuka unapoivuta nayo hufyonza hewa pamoja na vumbi lake, hata usipoitoa kamwe. Chembe chache ndani ya lenzi hazionekani pichani. Zinazoonekana ni zile zilizotua kwenye kihisi, na kamera yako ina mfumo wa kujisafisha unaotikisa kioo kilicho mbele ya kihisi. Badilisha lenzi ukiwa ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, mdomo wa kamera ukitazama chini, na usiogope zaidi ya hapo.

Siku ya kununua, iwe ni Luthuli Avenue au kwingineko, nenda na kamera yako mwenyewe. Simama mlangoni mwa duka, lenga bango lenye maandishi lililo ng'ambo ya barabara, na upige picha tatu: kwenye 18, katikati, na kwenye 135. Kisha zikuze kwenye kioo cha kamera uzisome herufi za pembeni, upande wa kushoto na wa kulia. Zikiwa na ukungu upande mmoja tu, huku upande wa pili ukisomeka vizuri, huenda vioo vya ndani vimekaa upande. Omba uletewe nyingine.

SWALI: Nina Nikon D3200. Jirani yangu aliyehamia huku Rongai kutoka Mombasa anauza 18-200 yake iliyotumika. Nikague nini?
Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Kwanza hakikisha imeandikwa AF-S, kwa kuwa D3200 haina injini ya kulenga ndani yake, na lenzi ya zamani isiyo na injini yake yenyewe utailenga kwa mkono kila mara. Kisha ielekeze chini ikiwa kwenye 18 uone kama inateremka yenyewe. Nikon ilitoa 18-200 mbili, mwaka 2005 na mwaka 2009, na hii ya pili ina swichi ya kuifunga isiteremke. Kuteremka peke yake si sababu ya kuikataa, ila ni sababu ya kupunguziwa bei.

La muhimu zaidi, kwa lenzi iliyokaa pwani, ni kuvu, ambayo hustawi penye unyevu. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande wa nyuma, na uchungulie kutoka mbele huku ukiizungusha lenzi polepole. Vumbi litaonekana kama nukta. Kuvu huonekana kama nyuzi zilizotawanyika mfano wa utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo. Ukiziona, usiinunue, kwa sababu kuzisafisha kunahitaji lenzi ifunguliwe yote, na huenda tayari zimeshaharibu tabaka linalozuia mng'ao. Usipoziona, ichukue, uiweke ndani ya chombo chenye kifuniko pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, na uitoe kupiga picha mara kwa mara badala ya kuifungia kabatini miezi yote ya mvua.