Kuomba bila kuogopa adhabu

Dada, nimekuelewa: dhambi ya zamani umeshaitubia, lakini kila mtoto akiugua unahisi Mungu anakulipizia, na kwenye jumuiya huthubutu kuomba kwa sauti mbele ya wenzako.

Fungua Luka 15, ulinganishe mstari wa 19 na wa 21. Yule mwana mpotevu, aliyetapanya mali ya baba yake, alipanga kurudi na kuomba awe kibarua. Alipofika kwa baba, sentensi hiyo haikutoka. Baba alishaagiza vazi. Wewe bado unaomba ukibarua katika nyumba uliyopokewa kama mtoto, na hapo ndipo ujasiri wako unapokwama. Kibarua huongea akitegemea kazi aliyoifanya leo. Mtoto huongea kwa kuwa baba ni wake.

Kwa wiki mbili, kila asubuhi, soma Warumi 8:15 kwa sauti, kisha mwambie Mungu jambo moja unaloliogopa, bila kulipamba. Dakika tano zatosha. Ukikosa maneno, tumia Zaburi ya 13: ina mistari 6 tu, na inaanza na malalamiko. Jumuiyani anza na sentensi mbili. Usishindane na wenye maombi marefu.

Hofu ikirudi, usiitubie upya dhambi ileile, maana kufanya hivyo huilisha hofu. Shukuru kwamba imesamehewa. Ila kama kuna mtu uliyemkosea, nenda mkapatane.

Anayedai fedha ili "akufungue", mwepuke kabisa. Mtoto akiugua, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, uombe mkiwa njiani. Nawe ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, au ukiwaza kujidhuru, usingoje: muone daktari wa afya ya akili, na mchungaji wako ajue.