Wadogo zangu, jinzi iacheni Bergen

Juzi jioni nilipita kwenye kikao cha safari ya Septemba, ile ya wanafunzi wa hapa Bergen kwenda milima ya Norwei. Kilichonipeleka ni keki, sitadanganya. Orodha ya vifaa ilikuwa ubaoni, na mbele yake wamesimama wadogo zangu watatu waliotua mwezi uliopita, wanaipiga picha huku wanacheka. "Sufu ndani, sufu nje. Kwani tunakwenda kuchungwa?" Mmoja alivaa raba nyeupe, mpya, bado zinanukia duka. Mnorwei aliyekuwa anaandikisha majina akamuuliza kwa upole kama amewahi kutembea milimani. Akajibu, "Mimi kwetu Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Usiwe na wasiwasi."

Keki ikanikwama. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti hiyohiyo, ila mlima wangu ulikuwa mwingine.

Ratiba mnayo, haijabadilika tangu nifike: basi hadi Gudvangen, boti ya Nærøyfjord hadi Flåm, handaki la Lærdal, Filefjell, Valdresflye, kulala hytte, yaani kibanda cha mlimani, karibu na Gjendesheim, siku ya tatu Besseggen, ule ukingo mwembamba wa mlima, kisha kurudi. Nimekwenda mara nne. Someni kabla hamjalipia.

1. Saa. "Halv åtte" siyo saa mbili na nusu. Ni nusu ya kuiendea nane yao, yaani saa moja na nusu asubuhi kwa saa zetu. Sisi tunaotafsiri mara mbili kichwani, kutoka Kinorwei kwenda Kiingereza halafu Kiswahili, ndio tunaoachwa. Mwaka juzi kaka mmoja wa Bukavu alifika kituoni saa mbili na dakika ishirini, akasimama pale anajipongeza kwamba leo kawawahi Wazungu. Sisi tulikuwa tunakaribia Dale. Alitufuata kwa treni hadi Voss, na aliposhuka tukaona ana sanduku la magurudumu. Sanduku la magurudumu, kwenda hytte. Tulilibeba wawili wawili kama jeneza kwenye njia ya mawe, na hadi leo jina lake ni Mheshimiwa. Leteni begi la mgongoni.

2. Boti. Ni saa mbili kutoka Gudvangen hadi Flåm na nusu yenu mtazimalizia ndani mkigombania soketi ya kuchajia simu. Tokeni nje. Mimi fjord niliikariri kidato cha sita: bonde lililochimbwa na barafuto, kuta wima, kina kirefu katikati, kizingiti mdomoni ambapo barafuto ilikonda ikakosa nguvu ya kuchimba. Niliichora kwa penseli, nikaitofautisha vizuri na ria, nikatoa mfano wa Kilindini, nikapata alama. Nilivyosimama kwenye sitaha ile, kuta zinapanda pande zote mbili hadi shingo inauma, mahali pembamba pana mita 250 hivi tu, nikagundua kwamba nilipata alama za kitu nisichokijua hata kidogo. Na huo ni mkono tu wa Sognefjord, ambayo yenyewe inazidi kilomita 200 kwa urefu na mita 1300 kwa kina. UNESCO waliuweka mkono huo kwenye urithi wa dunia mwaka 2005, pamoja na Geirangerfjord. Ninyi mnatafuta soketi.

3. Pesa na tumbo. Ukichukua biskuti za mwenzako utaletewa Vipps, yaani dai la malipo kwenye simu, ya kroner 9 kabla hujameza. Usinune, hajakutukana, ndivyo wanavyopendana. Kama BankID yako, kile kitambulisho cha benki cha mtandaoni, bado, beba kadi na uandike madeni yako kwenye karatasi. Matpakke ni mkate na kitu juu yake, basi, usitegemee chakula cha moto mchana. Ile jibini ya kahawia siyo tofi. Dada mmoja wa Mombasa alibeba unga wa sembe kilo mbili na mwiko, nikamcheka njia nzima, na usiku wa pili Wajerumani wanne walikuwa wanakwangua ukoko. Unga leteni.

Flåmsbana, treni ya mlimani ya Flåm, haimo kwenye bei ya safari. Ni kilomita 20 tu kupanda hadi Myrdal na itakuuma mfukoni. Ukiweza panda, usipoweza kaa Flåm ule matpakke yako kwa amani. Handaki la Lærdal ni kilomita 24 na nusu, hukaribia Moshi hadi Himo, yote chini ya mwamba. Katikati wamechimba mapango matatu yenye taa za buluu ili madereva wasisinzie. Ninyi hamwendeshi, sinzieni.

4. Jinzi. Hapa mvumilie, nitakaa.

Wiki ya fadder, ya kupokea wanafunzi wapya, mwaka wangu wa kwanza, kila aliyeniuliza natoka wapi nikimjibu Tanzania, alidakia "Kilimanjaro!" Nami nilizaliwa Moshi. Mwanzoni nilisema tu, "Ndiyo, kwetu kabisa." Mtu wa tatu au wa nne akauliza, "Kwa hiyo umepanda?" Nilikuwa nimechoka kutabasamu, Kiingereza changu kimeanza kukauka, nikasema, "Of course." Maneno mawili. Yalinigharimu mlima mzima.

Ukweli wa Moshi mnaujua ninyi mnaotoka huko. Mlima unauona alfajiri ukifagia uwanja, ukimaliza kufagia mawingu yameshaufunika. Wanaopanda ni wageni, na wapagazi wanaowabebea. Mimi niliwahi kufika lango la Marangu na shule, kwa Coaster, nimevaa sketi na viatu vya Bata. Tukala maandazi, tukapiga picha kwenye kibao, tukarudi.

Sasa oneni shetani alivyo na hesabu nzuri. Lango la Marangu liko juu zaidi ya mita 1800. Sehemu ya juu kabisa ya njia ya Besseggen, pale Veslfjellet, ni mita 1743. Nilipoliona hilo kwenye ramani nilicheka peke yangu chumbani. Nikajiambia: kumbe nimeshafika juu kuliko huko, kwa basi, nikiwa natafuna andazi! Kilichonipita ni kwamba Moshi ipo nyuzi 3 tu kutoka ikweta, na Besseggen ipo nyuzi 61 kaskazini. Huko, ukipita mita elfu moja hivi, miti yenyewe imeshakata tamaa. Mita ni mita, baridi haisomi mita peke yake.

Basi, kiongozi wetu, kijana wa jiolojia, mpole, akapita usiku ule hytte anauliza, "Wote mna sufu?" Mikono yote juu, na wangu ukiwemo. Sufu niliyokuwa nayo ni skafu. Chini nilivaa jinzi, na juu ya jinzi suruali ya mvua ya kuazima, hivyo hakuna aliyeiona. Halafu akasema anahitaji mtu mzoefu wa kukaa mwisho wa msururu, wa kuwaangalia wanaochoka. Akanitazama mimi. "Kilimanjaro?" Wenzangu wakapiga makofi. Nikasimama nikainama kidogo, kama waziri.

Katika kundi letu alikuwamo dada wa Nepal. Yeye naye walimuuliza Everest mchana kutwa. Akawajibu kwamba kwao ni tambarare, mashamba ya mpunga, na Everest anaifahamu kwenye noti za benki. Nilimwona mshamba.

Asubuhi tulivuka ziwa Gjende kwa boti hadi Memurubu, jua linawaka. Maji ya Gjende ni ya kijani kwa sababu ya unga wa mawe unaosagwa na barafuto, na siku ile yaling'aa kama parachichi lililokatwa. Kupanda kutoka Memurubu ni kukali mwanzoni. Nikatoka jasho, fulana ya pamba ikaloa, nikavua suruali ya mvua nikaitia begini. Mambo yakawa matamu kwa saa moja.

Huko juu upepo ukageuka. Kukaanza manyunyu, kisha mvua iliyochanganyika na theluji, inakuja ubavuni. Hapo ndipo mwenye akili husimama akavaa. Lakini kuvaa suruali ile ni lazima uvue viatu, na kuvua viatu ni kuomba msururu mzima usimame, na mtu wa Kilimanjaro anawasimamishaje watu kwa manyunyu? Nikasema nitavaa tukipumzika. Tulipopumzika jinzi ilikuwa imeshanyonya kila kitu. Jinzi iliyoloa ni turubai, inakata mapaja, kila hatua unajikwangua. Vidole havikuweza kushika zipu. Nikavirudisha mifukoni, nikajifanya natazama mandhari.

Nilitetemeka sana, halafu nikaacha kutetemeka, nikafurahi. Nilidhani nimezoea! Naandika hili nikiwa na akili timamu: nilifurahi. Nilianza kubaki nyuma, na kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho, hakukuwa na mtu nyuma yangu wa kuniona. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kuwaona wanaobaki nyuma.

Aliyenigundua ni yule dada wa Nepal. Aligeuka kunipa kipande cha chokoleti, akaniuliza kitu, nikamjibu. Akaniuliza tena, nikamjibu tena, nikashangaa kwa nini haelewi. Baadaye aliniambia kwamba nilikuwa naongea lugha asiyoijua, taratibu, kama mlevi. Alipiga kelele hadi mbele.

Wakafungua mfuko mwekundu wa dharura, tukaingia watatu ndani, wakanivua jinzi kama mtoto mchanga. Mtu akanivika suruali yake ya ndani ya sufu, ya akiba. Chai ya moto, chokoleti, mikono ya watu nisiowajua imenishika miguu. Nje nilisikia kiongozi anazungumza kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Vi snur." Tunarudi. Mnaifahamu kanuni ya nane ya fjellvett, zile kanuni za busara ya milimani, imebandikwa kila hytte: geuka mapema, kugeuka si aibu. Ni kweli, kwa mwenye kugeuka. Mimi sikugeuka. Niligeuza watu kumi na wanne.

Tulikuwa hatujafika hata Bandet, pale ukingo unapoanzia. Ule ukingo wenyewe, Gjende ya kijani upande mmoja na ziwa Bessvatnet la buluu upande wa pili, karibu mita mia nne juu yake, hakuna aliyeuona siku ile. Mfaransa mmoja alikuwa anarudi kwao Desemba, na alishaniambia kwenye boti kwamba picha ya ukingo ule ndiyo iliyomfanya achague Norwei. Njia nzima ya kurudi Memurubu alinibebea begi. Hakusema neno. Angenitukana ningelala.

Usiku, tukiosha vyombo, nilimwambia kiongozi kwamba sijawahi kupanda. Alikuwa anasuuza kikombe, akaendelea kukisuuza. Kisha akaniambia, "Nilikuweka mwisho kwa sababu ulisema umepanda. Ungekaa chini kwenye jiwe, ningejua saa ngapi?" Sina jibu mpaka leo, na Kinorwei changu sasa ni kizuri.

5. Haya mengine haraka, maana nimeshawachosha. Simu iwekeni kifuani, baridi inanyonya betri. Fuateni T nyekundu zilizopakwa kwenye mawe ya njia, msijenge vichuguu vyenu vya mawe, mtawapoteza watu. Kuokolewa ni 112, na toeni taarifa mapema. Maji ya kijito cha juu kunyweni. Vueni nguo kabla ya jasho, vaeni kabla ya baridi. Wanasema "ull er gull", sufu ni dhahabu, lakini si lazima inunuliwe kwa bei ya dhahabu: kuna Fretex ya mitumba, kuna Finn, soko la mtandaoni, na BUA wanaazimisha vifaa bure. Raba nyeupe ni za maktaba.

6. Salamu. Mnorwei ambaye kwenye basi la Bergen anatazama dirishani ili asikutane na macho yako, mpandishe mita 1000 atakuambia "hei" wa kwanza. Kila mmoja. Mara ya kwanza nilidhani wananifahamu. Itikieni, hata mkiwa hamna pumzi, na msianze kuwauliza habari za nyumbani, msururu utasimama.

Besseggen niliivuka safari ya pili, kwa suruali mbili za sufu, nikiwa katikati ya msururu kwa ombi langu mwenyewe. Nilimtumia Mfaransa picha. Alijibu kwa dole gumba.

Suruali hizo bado ninazo, pamoja na glavu na koti moja la mvua lisilovuja ila kwapani. Alhamisi nitakuwa maktaba, ghorofa ya pili, hadi saa kumi na moja jioni, yetu, siyo yao. Anayehitaji aje. Yule wa Nanyuki aanze yeye, na aje na namba ya kiatu.